Nondo mdogo kwenye taa usiku: ni yule anayekunja majani, au ni mpita njia?

Saa mbili usiku. Taa ya sola imewashwa barazani na chakula kimeandaliwa. Mara nondo wadogo wa rangi ya kahawia wanaanza kuizunguka taa, na mmoja anatua ukutani. Ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kesho yake asubuhi unaingia kwenye bustani ya bamia na kukuta majani yamesokotwa kama karatasi ya kufungia karanga.

Hapo wengi wetu huunganisha mambo mawili haraka: nondo wa jana usiku ndiye aliyekunja majani ya leo asubuhi. Fedha iliyowekwa kwa ajili ya ada au sabuni inakwenda kwenye duka la pembejeo, dawa inanunuliwa, bomba linabebwa mgongoni. Wiki mbili baadaye majani bado yanakunjwa.

Tatizo halikuwa uvivu wala dawa "feki" peke yake. Mara nyingi mkulima alipiga dawa kabla ya kujua anapambana na nani. Makala haya yanaeleza namna ya kumtambua nondo mdogo anayekuja kwenye taa, na namna ya kuhakikisha kama kweli ndiye mwenye kesi shambani. Huhitaji kifaa cha maabara. Unahitaji chupa au glasi ya kuonea, simu yako, na dakika chache za subira.

Na kwa wale ambao neno nondo linawapeleka kwenye chuma cha ujenzi: hapa tunazungumzia mdudu, yule ambaye wengine humwita kipepeo wa usiku.

Kwa nini anakuja kwenye taa?

Wazee walisema nondo anaupenda moto hadi unamuua. Siku hizi tuna maelezo zaidi. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapiga picha wadudu wakiruka karibu na taa, kwa kamera za kasi kubwa. Waliona kwamba mdudu akiwa angani huigeuzia mwanga mgongo wake. Katika usiku wa kawaida jambo hilo humsaidia, kwa sababu upande wenye mwanga zaidi huwa ni juu, mbinguni. Mgongo ukielekea juu, anaruka akiwa amenyooka. Lakini akipita karibu na taa yako, "juu" kwake inakuwa ni pale ilipo taa. Anainama, anageuka, anazunguka, na hatoki tena.

Maana yake kwa mkulima ni hii: nondo aliye kwenye taa yako hakuja kwa sababu ya bustani yako. Alikuwa anapita, akanaswa. Huenda alitoka kwenye majani ya porini, kwenye shamba la jirani au kwenye mti ulio nyuma ya nyumba. Kuwaona wengi kwenye taa, hasa mvua zinapoanza, hakutoshi kuwa ushahidi kwamba mimea yako inaliwa.

Kuna jambo la pili. Nondo hawa wakishakuwa wakubwa hawana meno ya kutafuna jani. Wana mrija wa kunyonya maji matamu ya maua. Anayekula jani ni mtoto wao, yaani kiwavi. Nondo jike hutaga mayai, mayai huchukua siku kadhaa kuanguliwa, kisha kiwavi ndiye hukunja jani na kujificha ndani. Kwa hiyo nondo uliyemwona jana usiku hawezi kuwa amekunja jani unaloliona leo asubuhi. Kama ni wa aina hiyo, basi ni mzazi wa viwavi watakaokuja, au ni yule aliyemaliza kukulia ndani ya jani la zamani.

Mtazame akiwa ametulia

Nondo anayeruka hatambuliki. Msubiri atue ukutani au kwenye shuka jeupe ulilotundika karibu na taa. Mfunike taratibu kwa glasi au chupa ya plastiki iliyokatwa, kisha mwangalie mambo manne.

La kwanza ni ukubwa. Nondo wa ukoo unaojulikana duniani kwa kukunja majani ni wadogo. Akiwa amekunja mabawa, wengi wao wana urefu wa punje moja hadi mbili za mchele. Wataalamu huuita ukoo huo Tortricidae, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusokota au kupinda. Una aina zaidi ya 10,000 duniani.

La pili ni umbo, na hili ndilo la muhimu kuliko yote. Mtazame kutoka juu. Nondo wa ukoo huu akitulia huyalaza mabawa juu ya mwili kama paa la nyumba lisilo na mteremko mkali. Mabegani ni mapana, na ncha ya nyuma ya mabawa ni kama imekatwa, haikuchongoka. Kwa ujumla anafanana na kengele ndogo.

La tatu ni kichwa. Mtazame kutoka ubavuni. Mbele ya uso utaona kitu kama pua fupi iliyochongoka. Si pua, bali ni vipapasio vya mdomoni vyenye manyoya. Vipapasio virefu vya kichwani ni vyembamba kama uzi, havina matawi kama unyoya wa kuku.

La nne ni rangi, na hii uitumie mwisho. Wengi ni wa kahawia, kijivu au rangi ya majani makavu, wenye mabaka na mistari ya mshazari. Rangi hudanganya kwa sababu mabawa ya nondo yamefunikwa na vumbi, na vumbi hilo ni magamba madogo sana yanayopukutika anapogongagonga taa. Nondo mzee na nondo kijana wa aina moja wanaweza kuonekana kama watu wa nyumba mbili tofauti.

Ukiona umbo la kengele, pua mbele na udogo wa punje ya mchele, umeshafika mbali: umemjua ukoo. Jina kamili la aina yake usilitafute kwa macho. Hata wataalamu mara nyingi hulazimika kumpasua nondo na kumtazama kwa darubini ndipo waseme kwa uhakika.

Wageni wengine wa taa wanaochanganywa naye

Nondo wa bamia. Huyu anakunja majani kweli, lakini si wa ukoo wa kengele. Ni mkubwa zaidi, upana wa mabawa yaliyofunguliwa ni kama sentimita tatu. Akitulia huyatandaza mabawa na kuwa kama pembetatu bapa. Rangi yake ni ya maziwa au manjano hafifu, yenye mistari mingi ya kahawia iliyopindapinda kama ramani. Kiwavi wake hula bamia, pamba na jamaa zao. Kama una bamia, huyu ndiye wa kumshuku kwanza.

Nondo wa kunde. Mabawa yake ni ya kahawia yenye madirisha meupe yanayopitisha mwanga. Hutulia akiwa ametandaza mabawa na kuinua kifua. Kiwavi wake hushonanisha maua na maganda ya kunde na kuyatoboa.

Nondo wa kiwavijeshi vamizi. Ni mnene na mkubwa zaidi, upana wa mabawa ni sentimita tatu hadi nne. Hutulia na mabawa yamekunjwa mgongoni kwa urefu. Dume ana baka jeupe karibu na ncha ya bawa la mbele. Mdudu huyu aliripotiwa Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, na anajulikana zaidi kwa kuharibu mahindi. Hakunji majani ya bustani.

Kumbikumbi. Hawa si nondo. Mabawa yao ni marefu na yanapitisha mwanga, na huanguka kwa urahisi. Wanaofahamu utamu wao hawahitaji maelezo.

Hukumu hutolewa shambani, kwenye jani

Taa inakuonyesha nondo aliyepita. Jani linakuonyesha kiwavi anayekula. Kwa hiyo asubuhi chagua majani kama kumi yaliyojikunja, kutoka sehemu mbalimbali za bustani, na uyafungue moja moja polepole.

Angalia kwanza kama kuna nyuzi. Kiwavi mkunja-majani hutoa uzi mweupe kama wa buibui na kuutumia kushona kingo za jani. Ukilifungua utasikia au kuona nyuzi zinakatika. Ndani utakuta vinyesi vidogo vyeusi kama baruti, na sehemu za jani zilizotafunwa.

Kisha mtafute mwenyewe. Kwenye bamia, kiwavi ni wa kijani kinachoonyesha ndani, kichwa ni cheusi au kahawia, na akikua hufikia karibu sentimita tatu. Viwavi wa ukoo wa kengele huwa wadogo zaidi, na wana tabia inayowatambulisha: ukimgusa kichwani anajinyonganyonga na kurudi kinyumenyume kwa kasi, halafu anajiangusha huku akining'inia kwa uzi. Ukikuta kitu kigumu cha kahawia kisichotembea, hiyo ni pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa nondo.

Ukikuta kiwavi amekauka au amelegea, na kando yake kuna vifuko vidogo vyeupe kama punje za mtama, usiviponde. Hizo ni nyumba za nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi na kuwaua. Ni vibarua wako wasiodai ujira.

Jani limejikunja, lakini kiwavi hayupo

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Si kila jani lililojikunja limekunjwa na kiwavi.

Kama jani limejikunja juu au chini, limekunjamana, pengine na umanjano, na hakuna uzi hata mmoja wala kinyesi, mtuhumiwa ni mwingine. Kwenye nyanya inaweza kuwa ugonjwa wa virusi unaoenezwa na inzi weupe. Geuza jani utazame chini: vidukari, ambao wengi huwaita wadudu mafuta, na utitiri nao hufyonza majani hadi yakajikunja. Ukame pia hukunja majani, lakini yakipata maji au jua likipungua hufunguka. Dawa ya viwavi haitibu hata kimoja kati ya hivi.

Kwa ndugu zetu wa pwani na maeneo ya korosho na minazi kuna kesi nyingine. Ukikuta fungu la majani mabichi ya mti limeshonwa kwa utando mweupe, likawa kama mpira, ligonge kidogo kwa kijiti. Wakitoka siafu wekundu wenye hasira, hao ni maji moto. Wameshona nyumba, hawali majani. Maji moto huwinda wadudu wanaofyonza matunda machanga ya minazi na mikorosho na kuyafanya yapukutike. Kuwachoma moto kwa kuwadhania ni viwavi ni kumfukuza mlinzi ukambakiza mwizi.

Ukishathibitisha, fanya nini?

Kwa bustani ya kawaida, dawa ya kwanza ni vidole viwili. Pita asubuhi kila baada ya siku mbili au tatu, minya jani lililosokotwa kwa nguvu au lichume na kulitumbukiza kwenye maji ya sabuni. Kiwavi akifa ndani ya jani kabla hajawa pupa, umekata kizazi kinachofuata. Mmea wa bamia wenye afya unaweza kuvumilia kupoteza majani machache bila mavuno kuyumba.

Ondoa pia mimea ya jamii ya bamia inayojiotea pembeni, na masalia ya bamia zilizozeeka. Bustani iliyoachwa baada ya msimu huwa ni nyumba ya kulea nondo wa msimu ujao.

Kwa nini tusianze na dawa ya kupulizia? Sababu ni mbili. Kwanza, kiwavi amejifungia chumbani. Dawa inayoua kwa kugusa huishia nje ya jani huku yeye akiwa salama ndani, lakini nyigu na buibui walio nje wanakufa. Pili, bamia huchumwa kila baada ya siku mbili au tatu. Karibu kila kiuatilifu kina idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna, imeandikwa kwenye kibandiko. Kama kibandiko kinasema usubiri siku saba nawe unachuma keshokutwa, sumu hiyo inakwenda kwenye sufuria ya mtoto wako au ya mteja wako.

Kama viwavi wamezidi vidole, zungumza na afisa ugani kuhusu dawa za kibiolojia zenye bakteria wanaoua viwavi. Hizi hufanya kazi kiwavi anapozila pamoja na jani, kwa hiyo zinapaswa kupuliziwa mapema, viwavi wakiwa bado wadogo na hawajajifungia. Soma kibandiko, fuata kipimo, vaa kinga.

Na ule mtego wa taa juu ya beseni la maji ya sabuni? Utaua wadudu wengi na utaona kama umefanya kazi kubwa. Ila wengi wa waliokufa hawakuwa na kosa lolote shambani kwako, na kiwavi aliye ndani ya jani hajaguswa. Utumie kwa kutazama ni nani anapita, usiutegemee kama tiba.

Ndugu wa ukoo asiyekunja jani

Kuna mmoja wa ukoo huu wa kengele ambaye kila mkulima wa pilipili hoho na machungwa anapaswa kumfahamu. Kwa jina la kitaalamu ni Thaumatotibia leucotreta. Asili yake ni Afrika kusini mwa Sahara. Nondo mwenyewe ni mdogo, upana wa mabawa ni milimita 15 hadi 20, wa rangi ya kijivu na kahawia, na katikati ya bawa la mbele ana kidoa cheupe.

Huyu ni wa ukoo wa wakunja-majani, lakini kiwavi wake huingia ndani ya tunda. Nondo jike hutaga mayai bapa juu ya ganda, kiwavi akianguliwa hutoboa tundu dogo na kuingia. Akikua anakuwa na rangi ya waridi, urefu wa karibu sentimita moja na nusu. Kwa nje tunda laweza kuonekana zima. Dalili ni tundu dogo lenye unga wa kinyesi, tunda kuiva kabla ya wakati au kudondoka. Akishiba hutoka na kujichimbia kwenye udongo ili awe pupa.

Uzito wake uko sokoni. Tangu mwaka 2018 Umoja wa Ulaya umeweka masharti maalumu dhidi ya mdudu huyu kwa pilipili, machungwa na baadhi ya matunda mengine yanayotoka Afrika. Kiwavi mmoja akipatikana kwenye ukaguzi, shehena inaweza kukataliwa, na hasara hiyo hurudi hadi kwa mkulima aliyechuma kwa uangalifu.

Kumtafuta huyu kwenye taa hakusaidii. Wataalamu humfuatilia kwa mitego yenye harufu ya nondo jike, inayowavuta madume. Wewe anza kwa kuokota matunda yote yaliyodondoka au yenye tundu, angalau mara moja kwa wiki. Usiyatupe pembeni ya shamba. Yafukie kwa kina cha nusu mita, au yafunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uuache juani hadi viwavi wafe.

Picha itakayokusaidia

Ukitaka kumwuliza mtaalamu, picha moja yenye ukungu haitoshi. Mweke nondo chini ya glasi hadi atulie. Piga picha ya kwanza kutoka juu, ya pili kutoka ubavuni ili uso uonekane. Weka punje ya mchele kando yake kwa ajili ya kipimo. Zima mwanga wa kamera ya simu, tumia tochi ya pembeni, maana mwanga wa mbele hufanya mabawa yang'ae na mistari ipotee. Kesho yake ongeza picha ya jani lililokunjwa, ya jani hilohilo likiwa limefunguliwa, na ya kiwavi. Andika ni zao gani, kijiji gani na tarehe.

Mpelekee afisa ugani wa kata yako. Kwa Tanzania, masuala ya visumbufu vya mimea yako chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Kwa Kenya, ukaguzi wa afya ya mimea ni kazi ya KEPHIS. Kama huna njia ya kutuma picha, peleka jani lenyewe, kiwavi akiwa ndani, kwenye chupa yenye matundu madogo ya hewa.

Usiku wa leo taa ikiwashwa na nondo mdogo akitua ukutani, mtazame vizuri: ana umbo la kengele, au ametandaza mabawa? Halafu umwache aende zake. Kazi yenyewe iko asubuhi, bustanini. Funguo ni majani kumi, na jibu limo ndani yake kabla hujatoa hata shilingi moja mfukoni.